Kipa Namba Mbili

Tarehe 10 Julai 1999, katika uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, mbele ya watazamaji 90,185, Briana Scurry alitoka kwenye mstari wa goli kabla Liu Ying wa China hajaugusa mpira. Hakuteleza wala hakupoteza mizani. Alisogea mbele makusudi, akaibana pembe, akajirusha, akaupangua mpira. Mwamuzi Nicole Petignat wa Uswisi hakupuliza filimbi. Kati ya mikwaju kumi iliyopigwa siku ile na timu zote mbili, huo ndio pekee ambao haukuingia. Marekani ikatwaa Kombe la Dunia la wanawake kwa penalti 5-4. Scurry mwenyewe hakuuma maneno baadaye: alijua anachofanya, na kwa maoni yake makipa wote hufanya hivyo.

Miaka ishirini ikapita. Tarehe 17 Juni 2019, mjini Rennes, Chiamaka Nnadozie wa Nigeria, binti wa miaka 18, alisimama mbele ya Wendie Renard wa Ufaransa. Renard akapiga, mpira ukagonga nguzo ya goli ukatoka nje. Nigeria ikashangilia, lakini furaha haikudumu. Waamuzi wa video, VAR, walikuwa wameona kwamba miguu ya Nnadozie iliuacha mstari mapema. Akaonyeshwa kadi ya njano, mkwaju ukarudiwa, Renard akafunga. Ufaransa 1, Nigeria 0.

Mtu akisimuliwa visa hivi viwili atasema ni habari ya kamera: zamani hazikuwepo, sasa zipo. Ni kweli, ila haitoshi. Mwaka 1999 sheria ilikuwa kali kuliko ya 2019, kwani kipa alitakiwa kuwa na miguu yote miwili mstarini. Sheria mpya ilimruhusu kuinua mmoja, mradi sehemu ya ule mwingine ibaki kwenye mstari. Sheria ikalegezwa, usimamizi ukakazwa. Nayo ilianza kutumika tarehe 1 Juni, siku sita tu kabla ya Kombe la Dunia kufunguliwa. Katika fainali hizohizo mkwaju uliookolewa na Sydney Schneider wa Jamaika ulirudiwa, na Lee Alexander wa Uskochi yakamkuta hayohayo dhidi ya Argentina. Jamaika, Nigeria, Uskochi. Sioni kuwa ni sadfa kwamba makipa walionaswa walitoka katika timu ambazo hazina jeshi la wachambuzi wa kuwanoa makipa wao kwa sheria iliyotoka jana. Bodi ya sheria, IFAB, iliona haya kidogo: kabla ya hatua ya mtoano iliondoa kadi za njano kwa kosa hilo katika mikwaju ya kuamua mshindi.

Kipa hahukumiwi kwa mikono yake tu, basi. Huhukumiwa pia kwa kilicho nyuma yake: ligi, shirikisho, kocha wa makipa, mshahara wa mwezi ambao hakucheza. Tena kipa huchelewa kuiva. Mshambuliaji wa miaka 19 anaweza kuitikisa dunia kwa mbio zake tu, ilhali kipa hujifunza kwa kufungwa, na kufungwa kunataka miaka. Nafasi yenyewe ni moja. Winga akikosa namba kulia atajaribiwa kushoto. Kipa akikosa namba atakaa benchi. Kwa hiyo ukitaka kulijua soka la wanawake la nchi fulani, usianze na mfungaji bora. Muulizie kipa namba mbili: anacheza wapi wakati anasubiri, nani anamlipa, na siku akiitwa atakuwa na nini miguuni.

Marekani kwanza. Scurry alizaliwa Minneapolis mwaka 1971, akakulia Dayton, mji mdogo wa Minnesota. Alilelewa na vyuo, na vyuo vyenyewe vilisukumwa na sheria ya elimu ya mwaka 1972, ile inayoitwa Title IX, iliyovizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwabagua wanawake, michezoni pia. Scurry alidakia Chuo Kikuu cha Massachusetts akisoma sayansi ya siasa na kuwaza uanasheria, na mwaka 1993 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa ya vyuo. Kwa binti aliye namba mbili utaratibu huu una uzuri wake: hata asipodaka mpira hata mmoja kwa miaka minne, anaondoka na shahada.

Baada ya shahada je? Hapo Marekani ilikuwa na shimo. Scurry alianza kuidakia timu ya taifa mwaka 1994, akapata dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta 1996, yote haya bila ligi ya kulipwa nyumbani. Ligi ya kwanza, WUSA, ilianza 2001, naye akawa kipa wa Atlanta Beat. Ilikufa Septemba 2003, siku chache kabla Kombe la Dunia halijaanza katika nchi hiyohiyo. Iliyofuata, WPS, ilikuja 2009 na haikuuona msimu wa 2012. Baina ya hizo mbili, kwa mchezaji wa Marekani asiyetaka kuhamia Ulaya, kambi ya timu ya taifa ndiyo iliyokuwa klabu yake. Namba moja wa taifa alicheza. Namba mbili alifanya mazoezi.

Scurry aliyajua maisha ya pande zote mbili. Baada ya 1999 mwili ulimgomea, uzito ukaongezeka, majeraha yakaja, na katika Olimpiki ya Sydney 2000 langoni alisimama Siri Mullinix. Akarudi, akadaka, akapata dhahabu ya pili mjini Athens mwaka 2004 kwa kuifunga Brazil 2-1. Kisha akaja Hope Solo, mdogo wake kwa miaka kumi, na Scurry akarudi benchi.

Kilichotokea China Septemba 2007 kinastahili kutazamwa polepole. Marekani ilifika nusu fainali ikiwa na Solo golini. Kabla ya mechi ya Brazil kocha Greg Ryan akamtoa Solo na kumweka Scurry, kwa hoja kwamba mkongwe huyu ana historia nzuri dhidi ya Wabrazil. Scurry alikuwa na miaka 36 na hakuwa na ligi ya kumpa mechi wiki baada ya wiki. Brazil ilishinda 4-0. Marta alifunga mawili, na mtu mwenye haki atakubali kwamba lile la mwisho lingemshinda kipa yeyote. Solo akajitokeza mbele ya kamera akasema uamuzi ulikuwa wa makosa na kwamba yeye angeiokoa michomo ile. Akatengwa na timu, akaondolewa kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Dunia nzima ikabishana juu ya ulimi wa Solo. Aliyesahaulika ni aliyefungwa mabao manne kwa kuitwa kazini bila matayarisho.

Siku tatu baadaye, tarehe 30 Septemba, mjini Shanghai, Brazil ileile na Marta yuleyule walikutana na Ujerumani. Langoni alikuwa Nadine Angerer. Naye alikuwa namba mbili kwa karibu maisha yake yote ya timu ya taifa.

Mechi yake ya kwanza kwa Ujerumani ilikuwa Agosti 1996. Kwa miaka kumi na moja iliyofuata alisafiri, akavaa fulana ya mazoezi, akapata medali za Ulaya na ya dunia ya 2003 akiwa ameketi, kwa kuwa namba moja alikuwa Silke Rottenberg. Alifika Kombe la Dunia la 2007 akiwa na miaka 28 na hajawahi kucheza hata dakika moja ya Kombe la Dunia. Rottenberg alikuwa ametoka katika jeraha baya la goti, Angerer akapewa glovu. Ujerumani ilicheza mechi sita, dakika 540, na hakuna aliyemfunga. Walter Zenga wa Italia alikuwa ameweka rekodi ya wanaume ya dakika 517 mwaka 1990. Katika fainali, Ujerumani ikiongoza 1-0, Brazil ilipata penalti. Marta akapiga, Angerer akaokoa. Mechi ikaisha 2-0.

Kwa nini benchi la mmoja lilimtoa akiwa na kutu na la mwingine likamtoa akiwa mkali? Umri una sehemu yake, sikatai. Lakini Angerer hakuwa namba mbili siku zote za wiki. Jumapili alikuwa namba moja wa Turbine Potsdam, klabu iliyotwaa Kombe la Ulaya la klabu mwaka 2005 na iliyomfungulia mlango wa kufungwa, kukosea na kusahihisha mbali na macho ya dunia. Ligi ya Ujerumani wakati ule haikuwa ya kutajirisha mtu. Angerer alisomea pia kazi ya tiba ya viungo. Ila ilikuwepo kila wiki, msimu baada ya msimu, na kipa hahitaji zaidi ya hapo ili asichakae.

Wajerumani nao hawakuzaliwa waungwana katika jambo hili. Shirikisho lao, DFB, liliwapiga marufuku wanawake kucheza katika klabu zake kuanzia 1955 hadi 1970. Mwaka 1989, katika nusu fainali ya Ulaya mjini Siegen, kipa Marion Isbert aliokoa penalti tatu za Italia kisha akafunga mwenyewe ile ya ushindi, mbele ya kamera za televisheni. Ujerumani ikachukua ubingwa, na wachezaji wakazawadiwa seti ya vyombo vya kahawa. Wala ugomvi wa namba moja na namba mbili si ugonjwa wa Wamarekani peke yao: mwaka 2006 Ujerumani ilikaribia kugawanyika kambi mbili baina ya Oliver Kahn na Jens Lehmann. Ninachosema ni kwamba upande wa wanawake, ligi ya kawaida isiyo na mbwembwe iliokoa kipa ambaye timu ya taifa pekee ingemwacha achakae.

Angerer aliendelea. Katika fainali ya Ulaya ya 2013 mjini Solna aliwanyima Wanorwe penalti mbili ndani ya dakika tisini, Ujerumani ikashinda 1-0, na mwaka huo akachaguliwa mchezaji bora wa dunia wa FIFA, kipa wa kwanza kupata tuzo hiyo kwa wanawake na wanaume. Alistaafu 2015, akaanza kufundisha makipa Portland.

Scurry mwisho wake ulikuwa mwingine. Aprili 2010, akiidakia Washington Freedom, aligongwa kichwani kwa goti la mshambuliaji. Hakucheza tena. Yakafuata maumivu ya kichwa yasiyokwisha, kupoteza kumbukumbu, sonona, na mvutano mrefu na bima juu ya gharama za matibabu. Ilifika mahali akaweka rehani medali zake mbili za dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 2013 alifanyiwa upasuaji wa neva nyuma ya kichwa, akaanza kupata nafuu, na medali zikarudi. Mwaka 2017 akachaguliwa kuingia katika ukumbi wa heshima wa soka la Marekani, mwanamke mweusi wa kwanza na kipa mwanamke wa kwanza. Nikiziweka habari hizi mbili pamoja, ile ya heshima na ile ya rehani, siwezi kusema moja inaifuta nyingine. Nchi iliyojaza watu elfu tisini uwanjani haikuwa na mahali pa kumweka kipa wake alipoumia, kwa sababu ligi zilizomwajiri zilikuwa zinakufa kila baada ya misimu mitatu.

Nigeria ni hadithi ya tatu, na hapa kipimo changu kinayumba kidogo. Super Falcons, timu ya taifa ya wanawake, wamekuwa mabingwa wa Afrika mara kumi. Ann Chiejine alidaka katika Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1991, akaja baadaye kukaa katika benchi la ufundi la timu hiyohiyo. Precious Dede alistaafu 2016 akiwa na mechi 99 za taifa, moja tu pungufu ya mia. Nchi hii haikosi makipa. Kinachokosekana ni uvumilivu wa kifedha. Desemba 2016, wakiwa ndiyo kwanza wametoka kutwaa kombe la Afrika, wachezaji waliandamana Abuja kudai posho zao. Juni 2019, baada ya kutolewa, waligoma kuondoka hotelini Ufaransa kwa sababu ileile.

Tazama sasa namba mbili wao. Desemba 2018 mjini Accra, Nigeria ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuitoa Afrika Kusini kwa penalti baada ya sare ya bila kufungana. Kipa alikuwa Tochukwu Oluehi. Miezi sita baadaye alianza Kombe la Dunia dhidi ya Norway, wakafungwa 3-0. Mechi iliyofuata, dhidi ya Korea Kusini, langoni alikuwa Nnadozie. Nigeria ikashinda 2-0, na binti huyo akawa kipa mdogo zaidi kumaliza mechi ya Kombe la Dunia bila kuruhusu bao. Namba ikabaki yake hadi Nigeria ilipotolewa. Ujerumani ilichukua miaka kumi na moja kumpa Angerer alichopewa Nnadozie katika wiki moja.

Ujasiri huo nausifu. Mjerumani angesema binti hajaiva, naye angekosa Kombe la Dunia zima. Lakini shule ya kumwivisha Nigeria haikuwa nayo. Alikwenda kuitafuta kwingine. Nnadozie alizaliwa Jimbo la Imo, akachezea Rivers Angels ya Port Harcourt. Amesimulia kwamba baba yake alimkataza soka akimtolea mfano wa wanaume wa ukoo waliocheza wasifike popote. Tuseme ukweli, hoja ya mzee haikuwa ya kipuuzi. Mwanzoni mwa 2020 akahamia Paris FC, na huko ndiko alikopata kilichompa Angerer ukali wake: mechi ya kila wiki. Mwaka 2023 akiwa langoni waliitoa Arsenal kwa penalti katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2025 wakatwaa Kombe la Ufaransa kwa kuitoa Paris Saint-Germain, kwa penalti tena. Kiangazi cha mwaka huo akaenda Brighton.

Matunda yalionekana katika Kombe la Dunia, mjini Melbourne, tarehe 21 Julai 2023. Christine Sinclair wa Kanada, aliyefunga mabao mengi ya kimataifa kuliko binadamu yeyote, aliweka mpira kwenye alama ya penalti. Nnadozie alikuwa yuleyule wa Rennes, miaka minne baadaye. Safari hii alisubiri, akaruka kwa wakati, akaokoa bila kutoa nafasi ya kurudiwa. Mechi ikaisha bila mabao, na Kanada, bingwa wa Olimpiki, akaanza safari ya kuaga mapema.

Waingereza nitawapitia haraka, ingawa magazeti yao yangetaka niwaanze wao. Mary Earps alikuwa amekaribia kuiacha kazi hii kabla kocha Sarina Wiegman hajamwita tena 2021. Alitwaa ubingwa wa Ulaya 2022, akaokoa penalti ya Jenni Hermoso katika fainali ya dunia ya 2023, na kabla ya hapo alipambana hadharani na Nike kwa kutouza jezi ya kipa. Mashabiki walipolalamika jezi ziliuzwa, zikaisha. Mei 2025, alipoambiwa Hannah Hampton ndiye wa kwanza, alistaafu timu ya taifa wiki chache kabla ya mashindano ya Ulaya. Hampton akaokoa penalti mbili za Hispania katika fainali, England ikatwaa kombe. Wapo waliomlaumu Earps kwa kukataa benchi. Mimi naona alikuwa ameshakaa benchi vya kutosha, na klabu ya kumlipa alikuwa nayo. Namba mbili mwenye kazi kwingine anaweza kusema hapana. Scurry wa 2007 hakuwa na anasa hiyo.

Katika fainali za Afrika zilizochezwa Morocco Julai 2025, ambako Nigeria ilitoka nyuma kwa mabao mawili na kuifunga Morocco 3-2 mjini Rabat, Nnadozie akichaguliwa kipa bora, Twiga Stars wa Tanzania nao walikuwepo. Walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Fainali zao za kwanza zilikuwa za mwaka 2010. Kipa wa Kitanzania aliyekuwa na miaka 20 mwaka huo alifikisha 35 bila kuziona tena, na si kwa kuwa alikuwa namba mbili, bali kwa kuwa nchi nzima ilikuwa benchi. Kinachotia moyo ni kwamba sasa kuna ligi: Simba Queens walifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 2022, na JKT Queens wakafuzu mwaka uliofuata. Tanzania imeanza kuwa na mahali pa kufungiwa mabao kila wiki.

Nnadozie alitimiza miaka 25 Desemba 2025. Kwa umri huo Angerer alikuwa bado ana zaidi ya miaka mitatu ya kungoja mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia. Yeye ameshacheza mawili. Mwili ukimkubali ana miaka kumi mingine mbele yake, na mechi 99 za Dede hazitamshinda kuzipita. Oluehi, shujaa wa Accra, alikwenda Australia kwenye Kombe la Dunia la 2023 kama kipa wa akiba na hakucheza. FIFA ilikuwa imetangaza kwamba kila mchezaji wa fainali zile atapata angalau dola 30,000, awe ameingia uwanjani au la. Kwa makipa wa akiba wengi waliokuwa kule, sidhani kama kulikuwa na mwajiri mwingine aliyewahi kuwalipa vizuri hivyo kwa kukaa tayari.